Wafu na Ghala la Mavuno

Maelezo yaliyozoeleka kuhusu sikukuu za wafu ni kwamba watu wa nchi za baridi walizipanga kuelekea mwisho wa mwaka kwa kuwa ndipo majani yanapopukutika, usiku unarefuka na dunia yote inaonekana kufa. Yanavutia masikioni, lakini hayatoshi. Nionavyo mimi, jambo kubwa lililoamua ni ghala. Marehemu hukaribishwa pale mwenyeji anapokuwa na cha kumwandalia, na kwa mkulima wakati huo ni wa mavuno.

Korea inalionyesha hilo vizuri, maana huko Kanisa halikuhusika kupanga tarehe. Sikukuu ya Chuseok huwa siku ya 15 ya mwezi wa nane wa kalenda ya jadi, mwezi ukiwa mpevu. Siku chache kabla, ndugu huenda kufyeka nyasi zilizoota juu ya makaburi ya wazee wao. Asubuhi ya sikukuu huandaliwa meza ya mchele mpya, matunda ya msimu, pombe ya mchele na songpyeon, yaani vikate vya unga wa mchele vyenye umbo la nusu mwezi, vilivyojazwa ufuta au maharage na kupikwa kwa mvuke juu ya majani ya msonobari. Wahenga huandaliwa kwanza, ndipo walio hai wale. Hayo ni malimbuko hasa, na yanatolewa wakati miti mingi ya Korea ingali na majani mabichi.

Pingamizi zito linatoka Mexico. Siku ya Wafu huko hufuata kalenda ya Kanisa Katoliki. Ni Odilo, abate wa Cluny nchini Ufaransa, aliyeagiza marehemu wote waombewe tarehe 2 Novemba, karibu na mwaka 1000, na Wahispania wakaivusha desturi hiyo baharini. Diego Durán, mtawa Mdominiko wa karne ya 16, aliandika kwamba sikukuu za wafu za Waazteki ziliangukia karibu na Agosti. Nakubali, basi, kwamba tarehe ililetwa na mapadre. Lakini tarehe peke yake haiandai meza. Vijijini Mexico ilikutana na mahindi yaliyokomaa, na UNESCO, iliyoiorodhesha sikukuu hiyo mwaka 2008, inaihusisha na kukamilika kwa mzunguko wa kilimo cha mahindi. Tena hata Ulaya chakula kilitajwa. Jean Beleth, mwanaliturujia wa karne ya 12, alieleza kuwa Sikukuu ya Watakatifu Wote ilihamishwa kutoka Mei hadi Novemba kwa sababu baada ya mavuno ilikuwa rahisi kuwalisha mahujaji wa Roma.

Wapo watakaouliza kuhusu Japani, ambako mizimu hupokelewa katika sikukuu ya Obon, sehemu nyingi katikati ya Agosti, kabla mpunga haujavunwa. Tarehe hiyo ina asili ya Kibuddha, ila tazama kinachowekwa mezani: tango lililochomekwa vijiti vinne liwe farasi wa kumleta marehemu upesi, na biringanya iwe ng'ombe wa kumrudisha polepole. Ni mazao ya bustani ya kiangazi. Qingming, sikukuu ya China ya kuzuru makaburi mwanzoni mwa Aprili, ndiyo inayobaki nje ya hoja yangu, kwani shamba bado halijatoa kitu. Hata hivyo, Wachina wengi wa kusini huyazuru makaburi tena siku ya 9 ya mwezi wa tisa wa kalenda ya jadi, mavuno yakiwa yamewadia.