Kombe la Kagame Lilivyosikika Mpakani Sirari

Shirikisho la Soka Afrika, CAF, lilipoanzisha mashindano ya klabu bingwa za bara zima mwaka 1964, lilichagua mfumo wa mtoano wa nyumbani na ugenini. Kwa klabu za Afrika Mashariki mfumo huo ulikuwa na ugumu wa pande mbili: aliyefungwa mapema alikaa mwaka mzima bila mechi nyingine ya kimataifa, na aliyeshinda alianza kuhangaika na nauli ya ndege ya raundi iliyofuata. Klabu nyingi ziliishi kwa viingilio na michango ya wanachama, na tiketi za ndege za kikosi kizima ziliweza kumaliza akiba yote.

Dawa ya tatizo hilo ilikuwa imekwisha kujaribiwa, ila kwa timu za taifa. Tangu mwaka 1926 Kenya na Uganda zilikuwa zikishindania Kombe la Gossage, lililotolewa na kampuni ya sabuni ya Kiingereza, na baadaye Tanganyika na Zanzibar zikajiunga. Timu zilikutana katika mji mmoja, zikacheza mfululizo, kisha kila moja ikarudi kwao. Baraza la vyama vya soka vya Afrika Mashariki na Kati, yaani CECAFA, lilipopata sura rasmi mwaka 1973, lilirithi utaratibu huo, na mwaka uliofuata likauhamishia kwa klabu. Mashindano ya kwanza yalichezwa Dar es Salaam mwaka 1974, na Simba ndiyo iliyotwaa kombe. Haikuwa bahati, kwa sababu mwaka huohuo Simba ilifika nusu fainali ya klabu bingwa Afrika. Mwaka 1975 fainali ilichezwa Zanzibar, na Yanga ikaifunga Simba mabao 2-0.

Mtu angedhani kombe litabaki Kariakoo, mtaa wa Simba na Yanga jijini Dar es Salaam, lakini mwaka 1976 lilivuka mpaka. Luo Union ya Kenya ililichukua, na mwaka 1977 ikalitetea. Kwa wasomaji wa Tarime jina hilo halihitaji maelezo. Wilaya ya Tarime ya wakati ule ilikuwa pia na eneo ambalo tangu mwaka 2007 ni wilaya ya Rorya, kwa hiyo Wakurya na Waluo walikuwa chini ya mkuu wa wilaya mmoja, na makabila hayo mawili yote yana ndugu ng'ambo ya pili, upande wa Isebania na Migori.

Mwaka huohuo wa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya hadi mwaka 1983. Mpakani Sirari, upande wa Tarime, kulikuwa na kizuizi, lakini redio haikuwa nacho. Katika miaka ya namna hiyo Sauti ya Kenya ilikuwa na mtangazaji kama Leonard Mambo Mbotela, ambaye kwa Kiswahili chake alimwezesha msikilizaji kuuona mpira bila kuwapo uwanjani. Betri zilizochoka zilianikwa juani asubuhi ili zipate nguvu ya dakika tisini za jioni. Nani alizianika kwa ajili ya Simba na nani kwa ajili ya Gor Mahia ya Kenya, hilo lilitegemea nyumba.

Kuanzia mwaka 1979 hadi 1985 kombe halikutoka mikononi mwa Wakenya. Abaluhya, iliyobadili jina kuwa AFC Leopards wakati serikali ya Rais Moi ilipotaka klabu ziache majina ya makabila, ililitwaa mwaka 1979, kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1982. Gor Mahia ilishinda 1980, 1981 na 1985. Miaka saba, klabu mbili.

Kwa nini? Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni vita na uchumi. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viliichosha Tanzania, bidhaa zikaadimika madukani, na Uganda ikaingia katika misukosuko ya muda mrefu. Maelezo hayo yana ukweli, lakini hayatoshi. Luo Union ilianza kushinda kabla ya vita, na mwaka 1978, Idi Amin akiwa bado madarakani, bingwa alikuwa Kampala City Council ya Uganda. Simba nayo ilifika fainali ya 1981, katikati ya uhaba. Mimi naipa uzito zaidi sababu iliyokuwa ndani ya Nairobi kwenyewe. Wafanyakazi waliotoka magharibi mwa Kenya walizifanya Gor na Leopards kuwa nyumba yao mjini, na kila moja ilijengwa kwa kumwogopa mwenzake. Fainali ya 1985 ilichezwa Khartoum, na waliokutana huko walikuwa hao hao wawili. Gor ikashinda 2-0. Ukimzoea mpinzani wa aina hiyo nyumbani, wa ugenini hakutishi sana.

Baada ya hapo mamlaka yaligawanyika. El Merreikh ya Sudan, Villa ya Uganda na Kenya Breweries, ambayo leo ni Tusker, zilipokezana. Simba ikarudi kwa nguvu na kushinda 1991, 1992, 1995 na 1996. Mwaka 1998 Rayon Sports ya Rwanda ilishinda Zanzibar, na ujio wa Rwanda ukabadili hata jina la kombe. Mashindano yalikuwa yamerudi kwenye tatizo lake la kwanza, yaani fedha, na kuanzia mwaka 2002 Rais Paul Kagame akatoa dola 60,000 za zawadi. Tangu hapo watu wanaliita Kombe la Kagame.

Zawadi hiyo ilisaidia, ila haikulipa nauli wala kumtafuta mwenyeji. Mwaka 2013 mashindano yalipelekwa Darfur na Kordofan nchini Sudan, na Yanga, bingwa mtetezi, pamoja na Simba hazikwenda kwa sababu za usalama. Vital'O ya Burundi ikashinda. Mwaka 2016 na 2017 hayakufanyika kabisa, wala 2020, 2022 na 2023. Mashindano ya kukutana mji mmoja hufa pale mji unapokosekana, na huo ndio udhaifu wa mfumo uliokuwa nguvu yake mwaka 1974.

Mkoa wa Mara wenyewe, ambako Tarime iko, uliingia soka la kimataifa la klabu kwa mlango mwingine. Biashara United ya Musoma ilimaliza nafasi ya nne katika Ligi Kuu ya 2020/21 na kupata tiketi ya Kombe la Shirikisho la CAF. Iliitoa FC Dikhil ya Djibouti, kisha Oktoba 2021 ikaifunga Al-Ahli Tripoli ya Libya mabao 2-0 jijini Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka uwanja wake wa Karume. Ilibaki mechi ya marudiano. Safari ya Libya ikakwama, timu haikufika, na ikatolewa bila kufungwa. Mwisho wa msimu huo iliteremka daraja.

Kombe la Kagame limerudi tangu wakati huo. Mwaka 2024 lilikwenda Zambia na Red Arrows, iliyoishinda APR ya Rwanda kwa mikwaju ya penalti. Septemba 2025 Singida Black Stars iliifunga Al Hilal ya Sudan mabao 2-1 katika fainali jijini Dar es Salaam. Klabu hiyo iliitwa Ihefu na ilikuwa ya Mbarali kabla ya kuhamia Singida na kubadili jina. Simba, Yanga na Azam ndizo zilizokuwa zimewahi kushinda kwa niaba ya Tanzania, zote za Dar es Salaam, hivyo Singida ikawa klabu ya kwanza ya Tanzania kutoka nje ya jiji hilo kulitwaa kombe hili.