Dang'a, Kopo na Ndoo ya Maji

Mama aliponizaa Levolosi mwaka 1989, bibi alishuka kutoka miteremko ya Meru na amri mbili. Ya kwanza: dang'a, yale maziwa ya mwanzo ya manjano, ikamuliwe na kumwagwa, maana ni machafu. Ya pili: kwa miezi mitatu mama asishike ndoo wala jembe. Anywe mtori, anyonyeshe, basi.

Nilipoanza kuandika habari za afya, niliona aibu kusimulia haya. Dang'a ni kinga ya kwanza ya mtoto, na bibi aliimwaga. Lakini nilivyozidi kusoma historia ya jambo hili, kiburi kilipungua. Kumbe waliosoma nao walikosea, tena kwa faida.

Mwaka 1939, huko Singapore, daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, aliwaambia watu wenye vyeo vyao kwamba kuwadanganya akina mama waache kunyonyesha na kutumia maziwa ya kopo ni sawa na mauaji. Mwaka 1974 shirika la Uingereza, War on Want, likachapisha kijitabu The Baby Killer. Kilieleza jinsi maziwa ya unga yalivyouzwa Afrika kwa familia zisizo na maji safi: chupa chafu, maziwa yaliyozimuliwa ili kopo lisiishe haraka, mtoto akahara, akakonda, akafa. Mei 1981, Shirika la Afya Duniani likapitisha kanuni za kudhibiti biashara hiyo. Nchi 118 ziliunga mkono. Marekani peke yake ikapinga. Tanzania ikatunga kanuni zake mwaka 1994.

Elimu nayo ikasambaa. Mwaka 2004-05, watoto walio chini ya miezi sita waliopewa maziwa ya mama pekee walikuwa asilimia 41. Mwaka 2015-16 wakafika 59. Si haba.

Sasa pita soko la Kilombero asubuhi, ndizi zikishushwa. Niliongea na mama mmoja mwenye mtoto wa miezi minne. Habari ya miezi sita anaijua kuliko mimi. Ila mtoto yuko nyumbani na dada yake, na kikombe cha uji mwepesi. Asipouza, hao wakubwa hawali.

Sheria ya Ajira ya 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi, na akirudi kazini, hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Mama huyu hana mwajiri. Saa hizo akamdai nani? Rundo la ndizi?

Bibi alikosea kuhusu dang'a, hilo sibishani nalo. Lakini alijua kwamba maziwa yanahitaji muda, na muda wa mzazi hutolewa na watu wengine. Sisi tumemfundisha mama asimwage dang'a, tukasahau kumpokea ndoo.