Machozi ya Arusini: Nyimbo za Taratibu katika Taarabu ya Dar es Salaam

Katika arusi za Kariakoo na Ilala, hasa katikati ya karne ya 20, palikuwa na jambo ambalo mgeni asingekosa kulistaajabia. Siku ilikuwa ya furaha: bibi arusi amekwisha pambwa, chakula kimekwisha liwa, vigelegele vimekwisha pigwa. Lakini taarabu ilipoketi, wimbo uliongojewa kwa hamu kuliko nyingine mara nyingi haukuwa wa kuchezeka. Ulikuwa wa taratibu, nao ulinena juu ya kuachwa, kungoja, kusalitiwa au kufiwa. Wanawake walijifuta machozi kwa pindo za kanga, kisha wakainuka mmoja mmoja kwenda kumtunza mwimbaji. Wala hapakuwa na aliyeona ni kisirani kulia siku kama ile.

Furaha ya arusi ilitaka nini kwa huzuni? Jawabu la haraka ni kwamba binti huondoka kwao, na mama hana budi kulia. Jawabu hilo ni kweli, lakini halitoshi. Waliolia hawakuwa jamaa wa bibi arusi peke yao. Walikuwamo majirani, wapangaji na waalikwa ambao harusi yenyewe haikuwatoa mtu. Jawabu kamili lataka kutafutwa katika historia ya muziki huo, na katika historia ya mji ulioupokea.

Neno lenyewe latoa dalili ya kwanza. Taarabu limetokana na neno la Kiarabu, tarab, ambalo maana yake ni msisimko unaoushika moyo wa mtu hata akatoka katika utulivu wake, uwe ni wa furaha au wa huzuni. Wanakamusi wa zamani wa Kiarabu waliyaweka mambo hayo mawili chini ya neno moja. Kwa hiyo anayefurahi na kulia kwa wakati mmoja hajachanganya mambo. Amefikia hali ile ile ambayo neno hilo laitaja.

Muziki huo ulifika pwani kwa njia ya jumba la kifalme. Yasimuliwa kwamba Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Unguja tangu 1870 mpaka 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Kairo ajifunze kupiga kanuni. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa mjini Unguja. Taarabu ya siku hizo ilikuwa ya waungwana, na nyimbo zake zilikuwa za Kiarabu. Aliyeitoa barazani na kuipeleka uswahilini ni Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, mtoto wa mfinyanzi, aliyepata kutembeza vyungu vya mamaye. Mwaka 1928 yeye na wenzake walikwenda Bombay kutia nyimbo za Kiswahili katika sahani za santuri. Sahani hizo zilivuka bahari, na watu wa Mrima wakaisikia lugha yao wenyewe ikiimbwa kwa sauti ya kilio na ufahari pamoja. Siti alifariki 1950, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu.

Mji uliozipokea sahani hizo ulikuwa na huzuni yake. Jina la Kariakoo ni kumbukumbu ya msiba. Waingereza walipoutwaa mji wa Dar es Salaam mwezi wa Septemba 1916, kikosi chao cha wapagazi, ambacho kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, kilikaa mahali hapo, na wenyeji wakalitamka jina lile kwa namna iliyowaelea. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita ile, wengi wao kwa maradhi na uchovu kuliko kwa risasi. Mtu anayesema leo aenda Kariakoo kununua kitambaa cha arusi hulitaja jeshi la watu waliokufa pasipo kaburi la kujulikana.

Baada ya vita, mitaa ya Kariakoo ilinyoshwa ikajaa nyumba, na Ilala ikafuata. Hesabu ya watu ya 1948 ilikuta mjini watu karibu 69,000. Ile ya 1957 ikakuta zaidi ya 128,000. Wengi walikuwa wageni: Wazaramo na Warufiji wa karibu, na wengine waliotoka bara ya mbali. Walikaa katika nyumba za Kiswahili zenye vyumba sita, vitatu upande huu na vitatu upande huu, ukumbi ukipita katikati, na nyuma ua wenye jiko na choo cha wote. J.A.K. Leslie, aliyeuchunguza mji huo mwaka 1956, aliieleza nyumba hiyo kwa makini, kwani ndiyo iliyokuwa umbo la maisha ya mjini. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki.

Katika nyumba ya namna hiyo mtu hakuwa na pahali pa kulia. Ukuta ulikuwa mwembamba, na dari mara nyingi haikuwapo. Aliyegombana na mumewe usiku alikutana asubuhi, penye moto wa jikoni, na watu watano waliosikia. Aliyeachwa aliachwa mbele ya macho ya watu. Heshima ikamtaka anyamaze, afagie ua, acheke. Siri ilikaa moyoni kwa sababu nje haikuwa na chumba. Ndipo taarabu ya taratibu ilipoingia na kufanya kazi ambayo nyumba haikuweza kuifanya: ilimpa mtu pahali pa kulia mbele ya wote pasipo kuulizwa analilia nini.

Kazi hiyo ilifanywa na vyama. Vilivyovuma zaidi mjini Dar es Salaam vilikuwa Egyptian Musical Club na Al-Watan Musical Club. Majina hayo yaonyesha macho ya wapigaji yalikoelekea. Redio ya Kairo ilianza 1934, na kwa miaka mingi Umm Kulthum aliimba redioni Alhamisi ya kwanza ya mwezi. Filamu za Misri nazo zilileta sauti na namna ya kuketi kwa wapigaji. Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki mwaka 2013, husimuliwa katika habari za maisha yake kwamba katika miaka ya 1930 aliimba Dar es Salaam pamoja na kikundi cha Egyptian. Mwaka 1951 ikaanza redio ya mjini, Sauti ya Dar es Salaam, na wimbo uliosikiwa ukumbini ukaweza kusikiwa tena dukani.

Katika ala zote za vyama hivyo, iliyobeba huzuni hasa ilikuwa fidla. Sababu yake si ya miujiza. Shingo la gita limegawanywa kwa vipande vya madini, na kinanda kina vibao vyake. Kila sauti ina mahali pake, wala mpigaji hawezi kusimama kati ya moja na nyingine. Fidla haina mipaka hiyo. Kidole huteleza juu ya uzi, hupanda na kushuka kidogo kidogo, na uta huweza kuishika sauti moja ikakonda polepole mpaka ikafa. Hivyo ndivyo afanyavyo mtu anayelia. Tena muziki wa Kiarabu una maqamu, kama bayati na rasti, zenye sauti zilizo katikati ya sauti mbili za kinanda. Fidla huzifikia pasipo taabu. Mwimbaji akiumaliza mshororo, fidla huurudia nyuma yake kwa namna yake, kana kwamba mtu wa pili amesikia na kuafiki.

Si pwani peke yake walioigundua siri hiyo. Huko Scotland, kaskazini ya kisiwa cha Uingereza, fidla ilikuwa ala ya ngoma za kijijini, na mpigaji mashuhuri kuliko wote wa zama zake alikuwa Niel Gow, aliyezaliwa 1727 na kufariki 1807. Watu walimtaka awachezeshe, lakini kipande chake kilichopendwa mno mpaka leo si cha kucheza: ni ombolezo alilomtungia mkewe wa pili, aliyefariki 1805. Waskoti wana aina kamili ya vipande vya namna hiyo, vya taratibu, visivyochezwa na mtu. Mpigaji akivianza, wachezaji hukaa. Nao pia huviweka katikati ya furaha, bega kwa bega na ngoma za haraka. Tofauti ni kwamba kipande cha Gow hakina maneno, na msikilizaji hukijaza kwa msiba wake mwenyewe. Taarabu ina maneno, na maneno yaweza kumfunga mtu katika msiba wa mwingine. Ilipasa basi itafute njia yake ya kumwachia msikilizaji nafasi.

Njia hiyo ilikuwa fumbo, na fumbo lilihitaji taratibu. Mtunzi wa taarabu hakutaja jina. Alisema ua, ndege, chombo kilichokwenda mrama, bustani iliyoingiwa na mwizi. Mshororo wa mizani kumi na sita ukisemwa huisha kwa pumzi moja. Ukiimbwa taratibu, ukarudiwa, fidla ikaujibu, msikilizaji hupata muda wa kuligeuza fumbo na kulilinganisha na mambo yake. Wimbo wa haraka humpita mtu kabla hajajitambua ndani yake. Ule wa taratibu humngoja.

Naye akijitambua, alikuwa na namna ya kujibu, nayo ni kutunza. Mwanamke aliinuka penye ubeti uliomgusa, akaenda mbele kwa madaha, akampa mwimbaji fedha, akarudi. Hakusema neno, na kila mtu aliona. Kelly Askew, katika kitabu chake cha 2002 juu ya muziki na siasa katika Tanzania, ameonyesha kwamba kitendo hicho kina lugha kamili: chaweza kuwa ungamo, malalamiko, au jibu kwa mtu aliyeketi safu ya pili. Lakini kwa kuwa maneno ni ya mtunzi na sauti ni ya mwimbaji, aliyetunza aliweza kukana. Amesema, wala hakusema. Katika nyumba ya vyumba sita, hilo lilikuwa jambo kubwa.

Wimbo wa Siti uitwao «Kijiti» waonyesha jinsi haja hiyo ilivyokuwa nzito. Wasimulia habari ya mwanamke aliyetoka Dar es Salaam kutembea Unguja, akatolewa kwenda ngomani, akauawa. Muuaji alitoroka, na adhabu ikawaangukia wanawake wenyeji wake. Mahakama ilikwisha sema neno lake, na marehemu hakuweza kusema lake. Uliobaki ulikuwa wimbo. Bi Kidude aliendelea kuuimba muda mrefu baada ya Siti kufariki, na kila ulipoimbwa hukumu ilisikiwa upya na watu ambao sheria haikuwauliza.

Yaweza kudaiwa kwamba muziki wa namna hii huwafundisha watu kuvumilia dhuluma kwa kuwapa machozi badala ya haki. Hoja hiyo ina uzito, lakini historia ya Dar es Salaam haiiungi mkono yote. Vyama vya ngoma na muziki vya wanawake vilikuwa pia vyama vya kusaidiana katika arusi na maziko. Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba alipojiunga na TANU mwaka 1954, na mwaka uliofuata aliviendea vikundi kama hivyo alipowakusanya wanawake wa mjini. Watu waliozoea kuketi pamoja na kuusikia uchungu wa mwenzao kama wao wenyewe hawakuwa wageni wa neno umoja. Kilio cha wengi ni arusi, wasema Waswahili.

Taratibu haikudumu katika cheo chake. Bendi za dansi ziligawana na taarabu mahitaji ya mji: wimbo ulianza polepole ili kisa kisikike, kisha ukaingia chemko, na watu wakajaa uwanjani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, vikundi vya Muungano na TOT vilishindana Dar es Salaam kwa taarabu mpya ya rusha roho. Vinanda vya umeme vilishika nafasi ya fidla nyingi, mwendo ukaharakishwa, wasikilizaji wakaacha viti wakacheza, na fumbo likapishana na mpasho unaomlenga mtu kwa wazi.

Wapo wanaoyaita mabadiliko hayo maangamizi, na hao hukosea. Rusha roho imempa mwanamke ujasiri wa kusema palipokuwa na kunyamaza. Hata hivyo hesabu iwe kamili. Mpasho huhitaji adui, na huwagawa wasikilizaji wawe wa upande huu au ule. Wimbo wa taratibu haukumtaja mtu. Kwa hiyo mke na mke mwenzie waliweza kuketi ukumbi mmoja, wakausikia ubeti mmoja, kila mmoja akaufanya wake, na wote wawili wakalia. Hiyo ndiyo huzuni iliyoalikwa arusini. Haikuja kuiharibu furaha ya watu. Ilikuja ili pasiwe na mtu ukumbini atakayelazimika kufurahi peke yake huku moyo wake umefungiwa nje.