Uchovu usioisha na shingo iliyokaza: je, kunyooshwa shingo kunasaidia?

Akina mama wengi wanaofika kliniki wakilalamika kwamba wanachoka kila siku hutaja pia shingo. Imekaza, inauma kuanzia kisogoni hadi mabegani, kichwa kizito. Hapo ndipo jirani au ndugu husema: "Nenda ukanyooshwe shingo, uchovu wote utaisha." Wengine huenda kwa mkandaji wa mtaani, wengine humalizia kwa kinyozi anayezungusha kichwa mpaka mifupa ialike, na wenye uwezo mijini huenda kwa mtaalamu wa kiropraktiki.

Jibu fupi ni hili: kukandwa kwa mikono kunaweza kupunguza maumivu ya shingo kwa muda. Hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba kunaponya uchovu sugu. Na kuzungusha shingo kwa ghafla kuna hatari ambayo mama anapaswa kuijua kabla hajalala kwenye kitanda cha mtu.

Kiropraktiki ni nini?

Ni tiba ya kusukuma na kunyoosha viungo kwa mikono, hasa uti wa mgongo na shingo. Ilianzishwa Marekani mwaka 1895 na D. D. Palmer, katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa. Palmer aliamini kwamba karibu magonjwa yote hutokana na mifupa ya uti wa mgongo iliyosogea na kubana mishipa ya fahamu. Sayansi haikuthibitisha wazo hilo. Leo wapo wataalamu wengi waliosomea kazi hii chuoni kwa miaka kadhaa, nao hushughulika na maumivu ya mgongo na shingo tu. Lakini bado utakutana na anayekuambia kwamba mfupa wa kwanza wa shingo yako "umehama" na ndiyo sababu huna nguvu. Ukisikia hivyo, weka pesa yako mfukoni.

Uchovu sugu si uvivu

Kuna uchovu wa kulea, kulima na kukesha na mtoto, ambao hupungua ukipumzika. Na kuna ugonjwa wa uchovu sugu. Huu hudumu miezi 6 au zaidi na humfanya mtu ashindwe kazi alizokuwa akizimudu. Alama yake kubwa ni kwamba mgonjwa akijitahidi kidogo tu, hata kwa kufua nguo chache, huzidiwa baadaye, mara nyingi baada ya saa 12 hadi 48, na anaweza kukaa hivyo siku nyingi. Hulala lakini huamka amechoka vilevile. Wengine husahau maneno katikati ya mazungumzo, au huhisi kizunguzungu wakisimama. Maumivu ya misuli na viungo huwapata wengi wao, shingo ikiwemo.

Ugonjwa huu hauna kipimo cha damu cha kuuthibitisha, na mpaka sasa hauna dawa ya kuuponya. Mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza wa mwaka 2021 uliacha kabisa ushauri wa zamani wa kumwongezea mgonjwa mazoezi kila wiki hata kama anaumia. Kinachoshauriwa ni kugawa nguvu kama unavyogawa unga wa mwezi: usipike wote siku ya kwanza. Kwa hiyo hata safari ya matibabu ihesabiwe. Mama anayepanda daladala mbili na kukaa foleni saa tatu ili akakandwe nusu saa anaweza kurudi nyumbani hoi kuliko alivyotoka.

Kabla ya shingo, pima damu

Hapa ndipo ninaposisitiza zaidi, kwa sababu sababu nyingi za uchovu hutibika na hazina uhusiano wowote na mifupa ya shingo. Anza zahanati au kituo cha afya. Omba kupimwa wingi wa damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu. Hedhi nzito, uzazi wa karibu karibu, malaria na minyoo ya safura vyote hula damu. Eleza pia kama umekosa hedhi. Kisukari, VVU, kifua kikuu na matatizo ya tezi ya shingo huchosha mwili, na yote yana vipimo. Sonona baada ya kujifungua nayo huja kama uchovu na maumivu ya mwili. Mwambie muuguzi ukweli kama unalia ovyo au huhisi lolote kwa mtoto. Hatutakucheka.

Kama umejifungua ndani ya wiki 6 na kichwa kinauma sana au macho yanaona ukungu, usikandwe popote. Kapime presha siku hiyo hiyo. Kifafa cha mimba kinaweza kuja hata baada ya kujifungua.

Hatari yenyewe iko wapi?

Ndani ya shingo kuna mishipa miwili mikubwa ya damu inayopita kwenye matundu ya mifupa kwenda kwenye ubongo. Shingo ikizungushwa kwa nguvu na ghafla, ukuta wa ndani wa mshipa unaweza kuchanika, damu ikaganda pale, na donge likapanda kichwani. Hicho ni kiharusi, na kinaweza kumpata mtu mwenye umri mdogo. Hutokea mara chache. Wataalamu pia wanasema baadhi ya wagonjwa huenda kukandwa mshipa ukiwa umeshaanza kuchanika, na maumivu yaliyowapeleka ndiyo dalili yake. Kwa vyovyote vile, maumivu mapya makali ya shingo ambayo hujawahi kuyapata yaonwe na daktari kwanza.

Baada ya kukandwa, hata siku kadhaa baadaye, kimbilia hospitali ukiona kizunguzungu kikali, kuona vitu viwili viwili, ulimi mzito, kushindwa kumeza, uso kupinda, au mkono na mguu kupoteza nguvu.

Wasizungushwe shingo kabisa: waliopata ajali karibuni, wenye mifupa dhaifu, baridi yabisi, saratani au kifua kikuu cha mifupa, wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, na wenye viungo vinavyolegea kupita kawaida. Watoto wenye hali ya Down wamo, kwa kuwa mifupa yao ya juu ya shingo inaweza kuwa haijashikana vizuri. Mtoto mchanga naye asinyooshwe shingo na mtu yeyote. Akigeuza kichwa upande mmoja tu, mlete kliniki aonwe na mtaalamu wa viungo. Na mtoto mwenye homa na shingo ngumu apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Hiyo inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo.

Ukiamua kwenda

Uliza amesomea wapi na kama ana leseni. Sema mapema, kwa sauti: "Nikande taratibu, lakini shingo yangu usiizungushe wala kuialisha." Anayekataa, inuka uondoke. Mwambie akusimamishie muda mfupi, kisha jiangalie siku mbili kabla ya kurudi. Usiache dawa zako kwa sababu yake, na usilipie mapema mfululizo wa safari nyingi.

Nyumbani, kitambaa cha maji ya uvuguvugu shingoni kwa dakika 15 husaidia wengi. Wakati wa kunyonyesha, mpandishe mtoto kwenye ziwa kwa mto au kanga zilizokunjwa, badala ya wewe kumwinamia. Ndoo ya maji kichwani ibebwe na mwingine kwa sasa, au ijazwe nusu. Na wewe unayemuuguza mtu mwenye uchovu sugu, usimwambie ajikaze. Muulize leo ana nguvu za kazi gani moja, kisha hizo nyingine gawaneni.