Habari kuu za mwaka: Jinsi gazeti linavyoamua ipi itangulie

KILA Desemba, baina ya Krismasi na Mwaka Mpya, magazeti huwaandalia wasomaji orodha ya habari zilizotikisa mwaka. Ni kurasa zinazosomwa kwa utulivu, kwa kuwa wengi huwa mapumzikoni, na aghalabu hukatwa na kuhifadhiwa.

Kwa msomaji, orodha hiyo huonekana kama hesabu iliyokwisha kupigwa. Kwa wahariri, ni tamati ya mabishano marefu. Ni muhimu vigezo vyake vieleweke, kwa sababu miaka mingi baadaye mwanafunzi au mtafiti anayetaka kujua mwaka fulani ulikuwaje huenda akaanzia papo hapo. Lililoachwa nje huwa na nafasi finyu ya kukumbukwa.

Kurasa za kale hufunguliwa

Kazi huanzia maktabani. Kurasa za kwanza tangu Januari hupekuliwa moja baada ya nyingine, na kila dawati, likiwemo la siasa, mahakama, biashara, michezo, mashinani na habari za kigeni, huwasilisha mapendekezo yake.

Upekuzi huo si desturi tupu. Akili ya binadamu hukumbuka kwa wepesi yaliyotokea jana kuliko ya miezi kumi iliyopita. Mnamo Mei 5, 2007, ndege ya Kenya Airways ilianguka karibu na Douala, Kameruni, na watu wote 114 waliokuwemo wakafariki. Kufikia Desemba mwaka huo, nchi ilikuwa imezama katika kampeni za uchaguzi mkuu. Mhariri aliyetegemea kumbukumbu pekee angeweza kuuruka mkasa huo.

Kura na alama

Baada ya mapendekezo kupunguzwa, wahariri hupiga kura. Utaratibu huu una historia ndefu. Shirika la habari la Associated Press la Marekani lilianza kuwauliza wahariri habari kuu za mwaka mnamo 1936, na mwaka huo kilichoongoza ni kung'atuka kwa Mfalme Edward VIII wa Uingereza.

Njia mojawapo ni kila mhariri kuchagua habari kumi, ya kwanza ikipewa alama 10, ya pili 9, hadi ya kumi inayopata alama moja. Tuseme wahariri ni sita. Habari moja inawekwa ya kwanza na watatu kati yao, lakini watatu waliosalia wanaiweka ya nane. Itapata alama 39. Habari nyingine inawekwa ya pili na wote sita. Itapata alama 54 na kuongoza, ingawa hakuna hata mmoja aliyeiona kuwa ya kwanza.

Hivyo basi, alama huelekea kuipa ushindi habari inayokubalika na wengi kuliko inayowagawanya. Ndiyo maana baadhi ya vyumba vya habari huacha uamuzi wa mwisho kwa mhariri mkuu, naye hulazimika kuutetea mbele ya wenzake.

Vigezo vinavyogongana

Kigezo cha kwanza ni athari: ni watu wangapi ambao maisha yao yalibadilika? Cha pili ni uzito wa tukio lenyewe. Cha tatu ni upya wake, yaani iwapo halijawahi kushuhudiwa. Cha nne ni iwapo litaendelea kuwa na maana mwaka ukishapita.

Vigezo hivi havikubaliani daima. Mfano mwema ni wa riadha. Mnamo Oktoba 12, 2019, Eliud Kipchoge alikimbia umbali wa marathoni mjini Vienna kwa saa 1:59:40, binadamu wa kwanza kufanya hivyo chini ya saa mbili. Siku iliyofuata, Brigid Kosgei alishinda Chicago Marathon kwa saa 2:14:04 na kuvunja rekodi ya dunia ya wanawake iliyokuwa imedumu tangu 2003.

Muda wa Kipchoge haukutambuliwa kama rekodi rasmi, kwa kuwa mbio hizo hazikuandaliwa kwa kanuni za kawaida za mashindano. Wa Kosgei ulitambuliwa. Anayepima kwa upya atamtanguliza Kipchoge, na anayepima kwa vitabu vya rekodi atamtanguliza Kosgei. Wote wawili watakuwa na hoja.

Kigezo kinachozua uchungu zaidi ni idadi ya waliofariki. Katika shambulio la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, watu 67 waliuawa. Katika Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2, 2015, waliuawa watu 148, wengi wao wanafunzi. Hakuna mhariri anayeweza kuyapuuza matukio hayo. Lakini je, waliouawa wawili wawili mpakani, juma baada ya juma, watawekwa wapi? Wakihesabiwa kwa jumla ya mwaka huenda wakawa wengi, ilhali hakuna siku moja waliyoipata ukurasa wa kwanza.

Kizingiti cha Desemba

Kalenda nayo ina hila zake. Kurasa za kufunga mwaka hutayarishwa mapema ili wafanyakazi wapate likizo. Nchini Kenya, utaratibu huo ulikuwa na hatari ya pekee: chaguzi kuu za 1992, 1997, 2002 na 2007 zote zilifanyika katika siku za mwisho za Desemba.

Mnamo 2002, shambulio la hoteli ya Kikambala la Novemba 28 lingestahili kuwa miongoni mwa habari za kwanza. Mwezi mmoja baadaye, Mwai Kibaki alishinda uchaguzi wa Desemba 27 na kukomesha utawala wa chama cha KANU wa karibu miaka 40. Orodha iliyofungwa kabla ya Krismasi ingekuwa imepitwa na mwaka wenyewe.

Hali ilikuwa nzito zaidi mnamo 2007. Matokeo ya urais yalitangazwa Desemba 30. Ghasia zilizofuata ziliwaua zaidi ya watu 1,100 na kuwafurusha mamia ya maelfu, na mkataba wa amani ulitiwa sahihi Februari 28, 2008. Je, hiyo ni habari ya mwaka upi? Ikigawanywa, msomaji wa 2007 ataona uchaguzi bila maafa, na wa 2008 ataona maafa bila chanzo.

Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010, ilihamisha uchaguzi hadi Jumanne ya pili ya Agosti katika kila mwaka wa tano. Pamoja na mengi mengine, iliwapunguzia wahariri kizingiti hicho. Haikuwaondolea majanga ya ghafla: mawimbi ya tsunami yaliyoua zaidi ya watu 220,000 katika nchi zinazopakana na Bahari ya Hindi yalipiga Desemba 26, 2004.

Yasiyo na siku

Habari zinazoponyoka orodha kwa urahisi zaidi ni zile zisizo na tarehe. Ukame hauanzi Jumatatu. Haba na haba hujaza kibaba, na vivyo hivyo mifugo hufa mmoja mmoja hadi boma linapobaki tupu. Mwaka 2011, njaa ya kaskazini mwa Kenya ilitambuliwa na taifa zima pale Wakenya walipoanza kuchanga fedha kupitia kampeni ya Kenyans for Kenya. Mchango ulikuwa na siku yake ya kuzinduliwa. Njaa haikuwa nayo.

Zipo pia habari njema zinazoanza kimyakimya. Huduma ya M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007. Ni nani Desemba hiyo angethubutu kuiweka mbele ya uchaguzi? Hata hivyo, leo ni vigumu kueleza maisha ya Mkenya bila kuitaja.

Kasoro kubwa kuliko zote hutokea iwapo habari yenyewe haikupata kuchapishwa ipasavyo. Mauaji ya uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, yalitokea Februari 1984. Kwa miaka mingi serikali ilishikilia kwamba waliofariki ni 57. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya 2013 ilikadiria kwamba walikaribia 1,000. Mhariri anayepekua kurasa za kwanza za 1984 hawezi kukuta humo ukubwa wa jambo hilo, hata angekuwa mwadilifu kiasi gani.

Maswali ya msomaji

Kwa hivyo, orodha ya mwaka haina budi kusomwa kama hukumu ya watu wachache, waliotumia walichokijua kufikia siku waliyofunga kurasa zao. Msomaji makini ana maswali matatu ya kuuliza. Orodha ilifungwa lini? Ni sehemu gani za nchi ambazo hazikutajwa kabisa? Ni jambo gani lililoendelea mwaka mzima bila kupata hata siku moja ya vichwa vikubwa?

Gazeti linaloheshimu wasomaji wake hueleza lilivyofikia uamuzi, huwapa nafasi ya kutuma mapendekezo yao, na halioni haya kurejelea orodha ya kale na kuisahihisha. Jamaa za waliofariki Wagalla walisubiri miaka 29 kabla ya ripoti rasmi kukiri kwamba idadi ya waliouawa ilikuwa kubwa mno kuliko 57.