Plamu Ndani ya Kiazi: Pishi la Bibi Lililozaliwa na Njaa

Ikifika Septemba, plamu zikishaiva katika bustani za Ulaya ya Kati, chakula kimoja hurudi mezani kuanzia Prague hadi Vienna, Budapest hadi Novi Sad, na kushuka mpaka Trieste kwenye Bahari ya Adriatiki. Ni donge la viazi vilivyopondwa, lenye plamu nzima ndani yake. Huchemshwa, likagaragazwa katika chenga za mkate zilizokaangwa kwa siagi, kisha likanyunyiziwa sukari na mdalasini. Wacheki huliita švestkové knedlíky, Waaustria Zwetschkenknödel, Wahungari szilvás gombóc, Waserbia knedle sa šljivama, na watu wa Trieste gnocchi di susine.

Kila taifa kati ya hayo litakwambia kuwa hilo ni pishi la bibi zao, na kila moja linasema kweli. Lakini bibi huyo hakuwa wa zamani sana. Viungo viwili vikubwa vya pishi hilo, kiazi na sukari, viliingia katika jiko la mtu wa kawaida siku za karibu, na kiazi kiliingia kwa sababu ya njaa.

Donge la kale, kiazi kigeni

Madonge yenyewe ni ya kale. Katika kikanisa cha ngome ya Hocheppan, Tyrol ya Kusini, kuna mchoro wa ukutani wa mnamo mwaka 1200 unaoonyesha kuzaliwa kwa Yesu. Pembeni yake mwanamke amechuchumaa mbele ya chungu, anakula donge. Enzi hizo donge lilikuwa la unga au la mkate mkavu uliolowekwa, maana kiazi kilikuwa bado kwao, katika milima ya Andes.

Wahispania walikivusha bahari katika karne ya 16. Mwanzoni mwa 1588, mtaalamu wa mimea Carolus Clusius, aliyewahi kusimamia bustani ya kaizari mjini Vienna, alitumiwa viazi viwili kutoka eneo la Ubelgiji ya leo. Alivichunguza, na maelezo yake yakatoka katika kitabu chake cha mwaka 1601. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 150 kiazi kilibaki kitu cha bustani za wakubwa na chakula cha nguruwe. Mkulima aliyezoea ngano na shayiri hakukiamini. Huko Prussia, mfalme Frederick wa Pili alilazimika kutoa amri mwaka 1756 kwamba wakulima wakipande.

Kilichowabadilisha watu zaidi ya amri ni matumbo matupu. Kati ya 1770 na 1772 mvua zisizokoma ziliozesha nafaka mashambani. Bohemia, ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki, iliumia vibaya sana, na watu wengi mno walikufa. Mwaka 1771 Kaizari Joseph wa Pili alisafiri mwenyewe kwenda kuiona dhiki hiyo. Katika balaa lile, kiazi kilichojificha chini ya udongo kilionyesha thamani yake. Miaka michache baadaye, majeshi ya Prussia na Austria yalikabiliana huko huko Bohemia, mwaka 1778 hadi 1779. Hayakupigana pambano kubwa hata moja. Askari walishughulika zaidi na kutafuta chakula mashambani, na mgogoro huo ukabaki na jina la Vita vya Viazi.

Baada ya hapo kiazi hakikurudi nyuma. Mama wa nyumbani aliyekuwa na unga kidogo aligundua kwamba akiuchanganya na viazi vilivyochemshwa, unga ule ule ulishibisha watu wengi zaidi. Plamu alikuwa nazo mlangoni. Plamu za huko ni ndogo, ndefu kidogo, za buluu iliyokolea, na makokwa yake hubanduka kwa urahisi. Zikichemshwa huwa laini bila kuyeyuka. Mti wake hauhitaji matunzo mengi, na matunda yake hukaushwa au kupikwa kwa saa nyingi bila sukari hadi yawe rojo zito jeusi la kutumia majira ya baridi.

Sukari yapata umbo

Tunda chachu lilihitaji utamu, na sukari ilikuwa ghali. Karne ya 19 ndiyo iliyoishusha bei, viwanda vya sukari ya kiazisukari vilipoenea Ulaya ya Kati. Kiwanda kimoja cha sukari kilikuwa Dačice, mji mdogo wa Moravia, kikiongozwa na Jakub Kryštof Rad. Wakati huo sukari iliuzwa kama pia kubwa ngumu iliyolazimu kukatwa kwa kifaa. Inasimuliwa kwamba mke wake, Juliana, alijikata kidole akiikata, akamtaka mumewe abuni kitu bora. Mwaka 1843 Rad alipata hataza ya kutengeneza sukari ya vipande vya mraba. Leo Dačice ina mnara wa kipande hicho. Jikoni, kipande kile kilipata kazi nyingine: wapishi wengi hutoa kokwa la plamu na kuweka sukari mahali pake. Donge likiiva, sukari imekuwa shira ndani ya tunda.

Wanawake waliolisambaza donge

Karne ya 19 iliyapa mapishi ya nyumbani heshima ya kuchapishwa. Magdalena Dobromila Rettigová alitoa kitabu chake maarufu cha upishi kwa Kicheki mwaka 1826, na Katharina Prato akatoa chake mjini Graz mwaka 1858. Lakini waliolitembeza donge hawakuandika vitabu. Walikuwa wasichana wa Bohemia na Moravia waliokwenda Vienna kuwa wapishi, yaya na watumishi wa ndani. Kufikia 1900 wasemaji wa Kicheki mjini humo walizidi 100,000. Mpishi wa Kicheki akawa fahari ya nyumba ya tajiri, na vyakula vya kijijini kwao vikawa vyakula vya mji mkuu.

Dini nayo ilisaidia. Wakatoliki hawakula nyama siku za Ijumaa na wakati wa Kwaresima, kwa hiyo chakula kitamu cha unga kilikuwa mlo kamili. Supu ilitangulia, yakafuata madonge. Pale ambapo kokwa liliachwa ndani, watoto walihesabu makokwa sahanini kujua nani kala mengi.

Mwaka 1918 himaya ya Austria na Hungaria ilivunjika, lakini mipaka mipya haikuwabadilishia watu chakula. Trieste, bandari iliyokuwa chini ya ukoo uliotawala Austria tangu 1382, iliingia Italia na madonge yake ya plamu. Transylvania iliingia Romania nayo yakiwemo. Huko Wachau, bonde la mto Danube nchini Austria, madonge haya hujazwa aprikoti za mwezi Julai, tunda ambalo jina lake lilipewa ulinzi wa Umoja wa Ulaya mwaka 1996.

Siri iko kwenye unga

Anayejua katlesi ameshaelewa nusu ya kazi: kiazi kilichopondwa kinafunika kitu cha ndani. Tofauti ni kwamba hapa donge linaingia majini, hivyo ni lazima lishikamane. Chagua viazi vyenye unga, visivyo na majimaji. Chemsha kilo 1 na maganda yake, menya na uponde vikiwa moto ili mvuke utoke, kisha viache vipoe. Ongeza yai 1, chumvi, kijiko cha siagi na unga wa ngano gramu 200 hadi 250. Kanda upesi, usikande sana, kwa sababu kiazi kikisumbuliwa hunata kama gundi, na kikingojea hutoa maji na kudai unga zaidi. Unga ukizidi, donge huwa gumu. Funika kila plamu kwa kinyunga chembamba bila kuacha ufa, kisha uyaweke madonge katika maji ya chumvi yanayotokota taratibu. Yakielea, yaache yaive. Kwa jumla ni kama dakika 10 hadi 12.

Leo madonge yaliyogandishwa yanapatikana madukani, na yanamfaa aliyebanwa na kazi. Lakini vipimo nilivyotaja haviwezi kumaliza elimu hii, kwa sababu kiazi cha kila shamba kina maji yake, na kiasi cha unga hujulikana kwa vidole. Jina la Clusius tunalo, la Rad tunalo, la makaizari tunalo. La mwanamke wa kwanza kufunika plamu kwa kiazi halikuandikwa, ingawa kazi yake imeishi muda mrefu kuliko himaya aliyozaliwa ndani yake. Heshima anayostahili ni pishi lake kupikwa nyumbani, mtoto akiwa pembeni na mikono yake kwenye unga, afundishwe kabla ya wajuzi kuondoka.