Chumvi, Rovu na Kimo cha Mtoto wa Ufipa

Msafiri atokaye Tunduma kuelekea Sumbawanga, akiisha kuipita Laela, huingia Mpui hali amekwisha kupanda, pengine bila ya kutambua, juu ya uwanda wa Ufipa, ambao sehemu yake kubwa imeinuka zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na ambao kwa upande wa mashariki hukatika ghafula na kuteremka hadi bonde la Ziwa Rukwa, lililo kiasi cha mita 800 tu. Ni ardhi ya mahindi, maharage na ulezi, yenye wakulima ambao tangu zamani walijua kufukia majani ndani ya matuta ya duara ili yaoze na kuurutubisha udongo, na mkoa wake wa Rukwa huhesabiwa miongoni mwa maghala ya chakula ya Tanzania. Walakini nchi hii yenye shibe ilikuwa pia miongoni mwa makao ya rovu, ule uvimbe wa shingo ambao wengi siku hizi huuita goita. Na hata leo, kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022, karibu nusu ya watoto wa Rukwa walio chini ya umri wa miaka 5 wamedumaa. Wako waliolieleza jambo hili kwa nasaba, wakasema kuwa watu wa milimani ndivyo walivyoumbwa. Maelezo hayo ni batili, na historia ya tezi za mwili wa binadamu inatosha kuyabatilisha.

Tezi ya shingo, iliyolikumbatia koromeo kwa mapande mawili, hutengeneza homoni iitwayo thairoksini, ambayo kila molekuli yake hubeba atomi 4 za madini joto, yaani iodini. Homoni hiyo huenea kwa njia ya damu hadi kila kiungo, ikaamuru kasi ya moyo, joto la mwili, uyeyushaji wa chakula na urefukaji wa mifupa. Na kwa mtoto aliye tumboni huamuru jambo zito kupita yote hayo, nalo ni kujengeka kwa ubongo. Chini ya ubongo iko tezi nyingine, ndogo kama punje ya dengu, ambayo kazi yake mojawapo ni kupima kiasi cha thairoksini kilichomo katika damu. Ikiona upungufu, hutuma homoni yake kuihimiza tezi ya shingo. Na maadamu madini joto hayapo, himizo hurudiwa siku baada ya siku, tezi ikaongeza chembe zake na kutanuka ili inase kile kidogo kinachopita. Kwa hiyo rovu ni juhudi ya mwili wenye njaa ya kitu kimoja mahsusi, na kiasi cha kitu chenyewe ni kichache ajabu: mtu mzima huhitaji maikrogramu 150 kwa siku, kadiri ambayo kwa umri wa miaka 70 haifiki hata gramu 4.

Elimu hii ilikusanywa pole pole. Mwaka 1820 tabibu Coindet wa Geneva aliwatibu wenye rovu kwa iodini, na mwaka 1891 George Murray wa Newcastle alimdunga mwanamke aliyekuwa amezizima kwa ukosefu wa homoni utomvu wa tezi ya kondoo, naye akapata nafuu akaishi miaka 28 zaidi. Baumann aligundua mwaka 1895 kuwa iodini imo ndani ya tezi yenyewe, na siku ya Krismasi ya mwaka 1914 Edward Kendall, huko Marekani, akaipata thairoksini ikiwa safi. Uswisi, nchi ya milima iliyoteswa mno na rovu, ilianza kutia madini joto katika chumvi mwaka 1922, na jimbo la Michigan likafuata mwaka 1924. Wakati huo Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza, na maarifa yote haya yalikuwa yamekwisha kuchapishwa kwa lugha ya watawala. Hata hivyo ilipita takriban miaka 70 baada ya Uswisi ndipo chumvi ya namna hiyo ikawafikia watu wa nyanda za juu.

Kukawia huko hakukutokana na ukosefu wa chumvi, kwani nchi za magharibi ya Tanzania zina historia ya chumvi iliyo kongwe kuliko dola yoyote tuijuayo katika sehemu hizo. Kusini ya Ziwa Rukwa, mahali paitwapo Ivuna, Brian Fagan na John Yellen walichimba katika miaka ya 1960 wakakuta malundo ya vigae na masalio ya kazi ya kuchemsha maji ya chumvi, iliyokuwa ikifanywa tangu yapata karne ya 13. Huko Uvinza, kando ya mto Malagarasi, John Sutton na Andrew Roberts walionyesha kuwa chemchemi za chumvi zilikuwa zikitumika tangu karne ya 5 au ya 6. Kila kiangazi watu walimiminika Uvinza, wakateka maji ya chemchemi, wakayachemsha vyunguni hadi yakabaki mashapo meupe, wakalipa ushuru kwa watawala wa mahali hapo, kisha wakayachukua mashapo hayo hadi pande zote za Ziwa Tanganyika. Wadachi nao, walipoitawala nchi, walijenga hapo kiwanda walichokiita Gottorp, na chumvi ya Uvinza haikukoma kuliwa hata baada ya wao kuondoka. Lakini chumvi, itoke kisimani au itoke baharini, ikisha kuchemshwa au kuanikwa juani hubakiwa na madini joto machache mno. Na mvua iliyoosha milima kwa maelfu ya miaka imeyachukua yale ya ardhini ikayapeleka baharini, hata mahindi na maharage yaliyoota katika udongo huo huwa hayana. Hivyo mama wa Kifipa aliweza kukitia chumvi chakula chake kila siku ya maisha yake, na tezi yake isipate ilichokitaka.

Majirani wetu wa Kongo walilichunguza jambo hili kwa undani kuliko sisi. Kutoka kituo cha utafiti cha Lwiro, karibu na Bukavu, François Delange na wenzake walikwenda katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu, wakakuta rovu limeenea mno upande wa kaskazini lakini ni haba upande wa kusini-magharibi, ilhali madini joto yalikuwa machache pande zote mbili. Tofauti hiyo iliwaelekeza kwenye muhogo, ambao usipolowekwa na kukaushwa ipasavyo huacha sumu ambayo mwili huigeuza kuwa kitu kinachoyazuia madini joto yasiingie katika tezi. Nathubutu kusema kuwa uchunguzi wa Idjwi ni miongoni mwa kazi bora za elimu ya homoni zilizopata kufanywa katika bara letu, na ni haki wanafunzi wa Sumbawanga wafundishwe habari zake pamoja na zile za Geneva.

Katika Tanzania kazi ilipata mwenyewe pale ilipoundwa Taasisi ya Chakula na Lishe kwa sheria ya mwaka 1973. Wapimaji walikwenda shuleni, wakasimama mbele ya mtoto mmoja mmoja, wakapapasa shingo kwa vidole gumba huku wakimwamuru ameze mate. Na pande la tezi likizidi ukubwa wa pingili ya mwisho ya kidole gumba cha mtoto huyo huyo, aliandikwa kuwa ana rovu. Katika miaka ya 1980 robo ya watoto wa shule waliopimwa nchini walikutwa nalo. Kuanzia mwaka 1986 vidonge vya mafuta yenye madini joto viligawiwa katika wilaya 27 zilizodhurika zaidi, nyingi zikiwa za nyanda za juu, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikaanza kazi ya kutia madini hayo katika chumvi. Vincent Assey na wenzake walipopima tena mwaka 2004, rovu lilikuwa limeshuka hadi asilimia 7 hivi, na kiasi cha asilimia 84 ya kaya zilitumia chumvi yenye madini joto. Wanauchumi Field, Robles na Torero walidai mwaka 2009 kwamba watoto ambao mama zao walipata vidonge wakiwa wajawazito walisoma zaidi kwa theluthi hadi nusu ya mwaka, wasichana wakifaidika kuliko wavulana. Wengine walizirudia hesabu hizo baadaye wasiipate faida hiyo kwa uthabiti ule, na mjadala ungalipo. Kuhusu rovu lenyewe, hata hivyo, hapana mjadala.

Tena yafaa itajwe Pemba, kwa kuwa huko ndiko dhana ya nasaba ya milimani inakoanguka kabisa. Visiwani ilidhaniwa kuwa wala samaki hawana haja ya chumvi iliyotiwa kitu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006 ukakuta rovu kwa asilimia 32 ya watoto wa shule waliopimwa Pemba, kisiwa kilichozungukwa na bahari kila upande.

Limebaki suala la kimo, nalo ni gumu zaidi, maana rovu lina dawa moja na udumavu hauna. Hapa mwalimu wetu ni Kampala, ambako kituo cha utafiti wa utapiamlo kilichokuwa Mulago, kikiongozwa kwanza na Rex Dean na baadaye na Roger Whitehead, kilipima homoni katika damu ya watoto wenye kwashakoo katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970. Yalidhihirika mambo ya kustaajabisha: homoni ya ukuaji, ambayo mtu angeitarajia iwe pungufu, ilikuwa juu, na mtoto hakui. Elimu iliyokuja baadaye ilifafanua kwamba homoni hiyo hutoa amri tu, na aghalabu mtekelezaji wake ni ini, ambalo hutoa homoni nyingine ya kuirefusha mifupa; na ini lisipopata protini na nguvu za kutosha, au likisumbuliwa na maradhi ya mara kwa mara, huacha kuitekeleza amri. Kisha mwaka 1994 Jeffrey Friedman wa New York akagundua leptini, homoni itokayo katika mafuta ya mwili, ambayo ikishuka wakati wa njaa huamsha hamu ya kula, na papo hapo ubongo hupunguza himizo lake kwa tezi ya shingo ili mwili ujiwekee akiba. Mtoto wa Mpui anyweshwaye uji mwepesi wa mahindi, hali mama yake yuko shambani tangu alfajiri, na anayeharisha mara kwa mara kila masika, hana dosari yoyote katika tezi zake. Tezi hizo zinafanya kwa uaminifu kile ambacho uhaba umezilazimisha, nazo zikisha kukilinda kifua na ubongo kwanza, kimo ndicho kinacholipa.

Kwa hiyo nawasihi wasomaji wa Ufipa mambo mawili. Chumvi inunuliwe ile iliyoandikwa kuwa ina madini joto, ihifadhiwe katika chombo chenye kifuniko mbali na moshi na unyevu, na pale sokoni ichotwapo kwa kopo kutoka guniani, mwuzaji aombwe aonyeshe ilikotoka, nao maafisa wa afya waipime kwa tone la dawa ambalo huigeuza kuwa ya buluu ikiwa madini yamo. Na maharage, maziwa, mayai na dagaa wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa yasiuzwe yote kabla ya mtoto aliyetimiza miezi 6 kupata sehemu yake.